Mng'ao Uliofifia Kwenye Maji ya Bomba

Mgeni rasmi, Mhandisi Alionzi, pamoja na majirani mliokusanyika:

KARIBU KOBOKO
Umekuja na vumbi la barabara ya Arua begani. Maji uliyokunywa yametoka kwenye pampu ya mkono, si kwenye bomba. Tunaeleza kwa nini.

TULIKOTOKA
Miaka mitatu iliyopita Medina, mwalimu wa kemia, alituhimiza tuvute maji ya kisima kwa bomba hadi shuleni. Mtaro tulichimba wenyewe. Viungo vya bomba tulipata vikuukuu, tukashukuru.

TULICHOGUNDUA
Mwezi wa pili mwaka huu Medina alirudi kutoka mafunzo Arua na kichupa cha unga wa majaribio. Chembe zake hazionekani kwa macho; hufuata sumaku, na chini ya taa maalumu hung'aa buluu. Zikikutana na ayoni za risasi, yaani risasi iliyoyeyuka majini, mng'ao hufifia. Alipima maji ya bomba ili atuonyeshe maajabu tu. Buluu ikafifia. Akarudia mara tatu, ikafifia kila mara.

"Huenda maji haya yana risasi," akasema.

Mzee Ezati, mlinzi wa pampu, akauliza, "Risasi gani tena? Vita iliisha zamani."

"Ni madini yenye sumu, mzee. Si ya bunduki."

"Basi pima maji yangu. Kisima iko moja tu."

Maji ya pampu yaling'aa. Medina hakubishana, alitaka kujua kwa nini. Yeye na mzee wakafuata bomba, wakipima kila koki. Ya kwanza iling'aa. Iliyofuata, baada ya vile viungo vikuukuu, ilififia.

TUNAYOKABILI
Bomba tumelifunga. Foleni ya pampu huanza alfajiri. Medina mwenyewe anatuonya: madini mengine yaweza kuuhadaa unga huo, wala hajui kiasi. "Nimeona dalili," anasema, "sijapata jibu."

MAOMBI
Sampuli zipimwe kwenye maabara kubwa. Viungo vibadilishwe. Watoto waliokunywa maji ya bomba wapimwe damu.

Medina alituomba jina la bintiye, Kadijah, liwe la mwisho kwenye orodha ya watoto hao, kwa kuwa bomba lilikuwa wazo lake yeye Medina. Sisi tuliochimba mtaro pamoja naye tumeliandika la kwanza.

Mungu akulinde njiani, na akurudishe kwetu na majibu.

Ni sisi, Umoja wa Watumia Maji wa Kisima cha Shule, Koboko.