Mpira wa Hewa Uliponyamaza

Wapendwa, Sabato njema. Nimeandika haya kwa karatasi kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno hunitoroka. Wengi hapa Homa Bay mnanijua kama yule kijana wa mandazi karibu na stendi, anayecheka ovyo na kuahidi kila mtu kwamba atampiga picha za harusi. Ndiyo mimi. Leo sitacheka sana, mtanivumilia.

Kabla dada yangu hajanileta hapa nilikuwa Migori nikichimba dhahabu. Si kampuni, ni yale mashimo yetu ya mikono. Unashuka kwa kamba, tochi kichwani, na huko juu kuna mashine inayosukuma hewa kupitia mpira mrefu mpaka pale unapofanya kazi. Ule mpira unalia shhh siku nzima. Ukizoea, husikii tena.

Sasa huko chini kuna sheria moja. Mkichimba, mnaacha nguzo za mwamba zishike dari. Nguzo haiguswi. Lakini mshipa wa dhahabu mzuri kuliko yote ulipita katikati ya nguzo! Niliutazama siku nyingi nikiona kamera nitakayonunua. Naona lenzi, naona bibi harusi anatabasamu. Nikaanza kuimega ile nguzo kidogo kidogo, mwenzangu akiwa ameinama upande wa pili. Nikajiambia, Mungu ananipenda, hawezi kuiacha iniangukie. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo ndiyo niliita imani.

Asubuhi moja dari ikalia kama mahindi makavu yakivunjwa. Halafu ikashuka.

Nilipopata akili kulikuwa na vumbi na giza tupu. Mwenzangu ni Mkuria, Mkatoliki, rika la baba yangu. Nikasikia sauti yake.

"Wewe Mjaluo, uko hai?"

"Sijui, mzee."

"Kama unajibu, uko hai. Tafuta tochi."

Nikaipata, ikawaka kidogo. Njia ya kutokea ilikuwa imejaa mawe, na mguu wake ulikuwa chini ya jiwe moja kubwa. Nikasukuma mpaka kucha zikatoka damu. Halikusonga. Mpira wa hewa ulikuwa bado unalia, basi nikakaa karibu nao nikaanza kuomba. Niliomba kwa Kijaluo, nikaomba kwa Kiswahili, hata kale ka-Kiingereza kangu ka darasa la nane nikakatoa.

Kimya.

Hapo ikaniingia hofu mbaya kuliko ile ya mawe. Kwamba hakuna mtu ananisikiliza. Kwamba tangu utotoni nimekuwa nikiongea na dari tu. Mnisamehe wazee wa kanisa, lakini nimekuja kusema ukweli, na ukweli ni kwamba nilitetemeka kwa hilo.

Halafu mpira ukanyamaza.

Niliuweka mdomoni nikavuta, wapi. Nikajua mashine imekufa, au wametuacha. Nikaona siwezi kufa na lile jambo tumboni.

"Mzee, ni mimi. Nguzo nimekata mimi."

"Najua. Nilikuwa nasikia sululu yako."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ule mshipa tungegawana." Akapumua kwa shida. "Haya, omba."

"Siwezi. Sijui kama yuko."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Unataka kumdanganya, na hali yenyewe ni hii?"

Nikasema, "Mungu, sijui kama uko. Naogopa sana. Nguzo nilikata mimi. Mtoe huyu mzee, ana watoto." Yeye akamalizia, "Na huyu kijana pia. Ni mjinga, lakini ni wetu."

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Halafu kitu kikakwaruza ndani ya mpira, na sauti ya mtu, nyembamba kama ya mbu:

"Nyinyi! Kama mko hai, ongeeni kwa mpira! Tumezima mashine tuwasikie!"

Wapendwa, nililia kama mtoto. Kile kimya nilichodhani ni mwisho wetu, kumbe watu walikuwa wametutegea sikio.

Nikapiga kelele tuko wawili. Mashine ikawashwa tena, wakaanza kuchimba. Walitutoa jua likikaribia kuzama. Pale kwetu mwanamke hakaribii mdomo wa shimo, wanasema dhahabu itakimbia. Lakini nilipotolewa niliona mama zetu wanaoosha mchanga wa dhahabu wamesimama mpaka ukingoni kabisa, wakipokezana ndoo za kifusi, wamejaa matope mpaka kwenye nywele.

Niliwaambia wote kuhusu nguzo. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Mzee alipona, lakini anatembea kwa mkongojo. Kila Jumapili akitoka misa ananipigia simu kuuliza kama nimekula.

Nawashukuru wale walioshika sululu na wale mama wa ndoo. Namshukuru dada yangu, anayeniamsha nikipiga kelele usingizini bila kunung'unika. Nashukuru kanisa hili, hamkuniuliza maswali mengi.

Kijana mwenzangu unayenisikia, hofu yako mpelekee Mungu vile ilivyo, usiipambe kwanza. Shaka pia mpelekee. Mimi nilimwambia sijui kama uko, na bado nilitolewa. Lakini nguzo usiguse. Hilo halihitaji maombi.

Sijapona kabisa. Ndiyo maana mnaniona nakaa kiti cha mwisho, pale mlangoni, kila Sabato. Tusimame sasa tuombe, ila ule mlango wa nyuma, tafadhali, mtu asiufunge.