Mpiga Chapa wa Mkutano wa Maji

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani na ninyi wanafunzi mliokuja: marehemu aliishi miaka sitini na mitatu, na mingi kati ya hiyo aliitumia kuandika maneno ya watu wengine. Yafuatayo yanamhusu yeye. Yameandikwa na binti wa kaka yake, aliyekaa naye miezi ya mwisho, na ndiye anayeyasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya reli, na mama yake alikuwa mshonaji. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya ghala la mizigo, na treni ya mchana ilipopita, vikombe vilitetemeka kabatini. Ofisini kwa baba yake kulikuwa na ramani kubwa ya dunia, imeliwa na mchwa upande mmoja. Kaka yake alipokuwa nje anapiga mpira, yeye alipanda juu ya kreti na kuwauliza abiria waliosubiri: “Hapa ni wapi? Na kwa nini hapa pamepakwa rangi moja na pale?” Abiria wengi hawakujua. Baba yake alimwambia, “Mwanangu, watu wamekuja kukata tiketi, si kufanya mtihani.”

Alisoma shule ya msingi karibu na stesheni kuanzia Januari 1958, kisha sekondari ya wasichana, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1968. Historia alipata alama ya juu kuliko wote darasani. Alitaka kuendelea, lakini mwalimu mkuu alimwita, akamtazama mikono na kusema msichana mwenye vidole vyepesi namna ile aende uhazili. Nyumbani hakuna aliyepinga. Mwaka 1969 aliingia chuo cha uhazili, na baada ya miaka miwili alitoka akiandika hati mkato maneno mia na ishirini kwa dakika. Lile somo lake la Historia alilikunja akaliweka kando. Marehemu hakuwa mtu wa kulalamika, na kwa sababu hiyo wengi tulidhani hana la kulalamikia.

Tarehe 2 Agosti 1971 aliajiriwa na wizara ya mambo ya nje. Aliitumikia miaka thelathini na minne na miezi saba, akianza na mashine ya chapa ya chuma na kumaliza na kompyuta. Ofisini walimwita Mama Koma. Mkubwa yeyote aliyempa barua yenye sentensi ndefu alimwona amesimama mlangoni na penseli sikioni: “Samahani mzee, hapa unapumua wapi?” Walicheka, lakini barua zao zilitoka safi. Alikula kiapo cha siri siku aliyoanza kazi, akakishika. Hata mdogo wake wa kike alipomuuliza leo ofisini mmefanya nini, jibu lilikuwa, “Tumepiga chapa.”

Kuna jambo moja la kazini ambalo hatuwezi kulipita. Septemba 1979, wajumbe wa nchi hii na wa nchi jirani walikutana kwa siku kumi na moja kugawana maji ya mto unaopita kwao na kwetu. Marehemu alikuwa mpiga chapa pekee wa mkutano ule. Siku ya kumi, pande zote mbili ziliafiki ibara ya nne: kabla ya upande wowote kujenga bwawa, nchi hizi mbili “zitakubaliana.” Siku ya kumi na moja, mkuu wa ujumbe wetu alikaa na marehemu katika chumba kidogo cha pembeni kumsomea nakala safi. Alikuwa na homa, macho mekundu, hajalala vizuri kwa wiki nzima. Alipofika ibara ya nne, alisoma “zitashauriana.”

Marehemu aliinua vidole kutoka kwenye mashine. “Mzee, jana ilikuwa ‘zitakubaliana.’”

Mkuu alijifuta jasho. “Si ni yale yale, mama? Piga, watu wana ndege ya saa nane.”

Akapiga. Nakala ikasainiwa. Miaka mitatu baadaye nchi jirani ilituma barua ya kushauriana nasi, haikusubiri jibu, ikajenga bwawa. Wakulima wa bondeni kwetu walipoteza maji, wakahama familia kwa familia. Marehemu alisoma habari zao gazetini akiwa mezani kwake ofisini, akalikunja gazeti, akaendelea na kazi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na fundi mitambo ya redio wa wizara hiyo hiyo, mtu mcheshi aliyejua kumchekesha hata asipotaka. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alizaliwa Mei 1978, akaishi siku tatu. Mwaka 1980 mumewe alihamishiwa ubalozini, ng’ambo. Marehemu aliomba ruhusa ya kumfuata, akaambiwa asubiri apatikane wa kushika nafasi yake. Hakupatikana. Mwanzoni barua zilikuja kila wiki, baadaye kila mwezi, na mwaka 1984 ikaja moja iliyopigwa chapa. Hiyo ndiyo ilimuuma. “Angeniandikia kwa mkono hata mistari miwili,” alimwambia mdogo wake. Ndoa ilivunjwa mwaka uliofuata. Hakuolewa tena. Aliishi katika nyumba ya ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, miaka ishirini na tisa, na kila alipotoka alifungia redio kabatini kwa ufunguo kana kwamba kuna mtu ndani angeigusa.

Alistaafu Machi 2006. Sote tulijua atapumzika. Badala yake alinunua vitabu vya kidato cha tano, akakaa mezani kama mtoto wa shule, akafanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa binafsi. Alifaulu mara ya pili. Oktoba 2009, akiwa na miaka hamsini na minane, aliingia chuo kikuu kusoma Historia na Siasa ya Kimataifa.

Siku ya kwanza alipoingia ukumbini, wanafunzi wote wakasimama. Walidhani ndiye mhadhiri. Aliwaambia, “Kaeni, wanangu, hata mimi natafuta kiti.” Wakacheka, wakampa jina la Balozi, na baada ya hapo wakamwacha. Si kwa ubaya. Ilipofika kazi za vikundi kila mmoja alimtafuta rafiki yake, na Balozi akabaki na karatasi yake mkononi hadi mhadhiri aseme, “Haya, nani hajampata mama?” Alikaa mstari wa pili karibu na dirisha. Mchana alikunywa chai ya chupa kwenye ngazi za maktaba, kitabu magotini. Jioni alimpigia simu binti wa kaka yake kumweleza habari za vita na mikataba ya miaka mia iliyopita, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. Naye binti huyo, inabidi akiri leo mbele yenu, mara nyingine aliiweka simu mezani akaendelea kupika.

Mwaka wake wa pili, mhadhiri wa siasa ya mito ya mipakani alifundisha mkataba wa 1979. Alitumia saa nzima kueleza neno “zitashauriana.” Vitabu viwili vilisema lilikuwa mbinu: kwamba ujumbe wetu ulilegeza kamba makusudi, ili upate upendeleo wa siri wa biashara. Wanafunzi waliandika haraka haraka. Marehemu hakuandika kitu. Mafaili ya mkutano ule yalikuwa yamefunguliwa kwa umma mwaka huo huo, baada ya miaka thelathini, na kiapo chake hakikumfunga tena. Baada ya kipindi alimfuata mhadhiri, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

“Mwalimu, haikuwa mbinu. Mkuu alikuwa amechoka.”

“Umesoma wapi, mama?”

“Sikusoma. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyepiga.”

Mhadhiri alimtazama kwa heshima, akamwambia kwa upole kwamba kuwepo si chanzo, atafute maandishi. Basi akayatafuta. Kwa miezi kumi na nne alikwenda katika jumba la nyaraka kila Jumanne na Alhamisi. Daftari zake za hati mkato hazikuwepo. Alijua hazipo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyezichoma kwa amri ya ofisi. Alichopata ni nakala ya kaboni ya ibara ya nne, na pembeni ya lile neno alama ndogo ya kuuliza kwa penseli. Ilikuwa yake. Mhadhiri, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa tasnifu yake, aliigeuza karatasi kwenye mwanga, akasema alama ya kuuliza inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Akabaki mtu mmoja duniani wa kumuuliza. Jumapili tarehe 17 Juni 2012, binti wa kaka yake alimpeleka kwa gari hadi kwa aliyekuwa mkuu wa ujumbe, mzee wa miaka themanini na sita. Marehemu alivaa gauni lake la bluu la kazini. Mzee aliwapokea barazani, mchangamfu, kumbukumbu zimemjaa. Aliusimulia mkutano kuanzia viti hadi mvua iliyonyesha.

“Lile neno nililibadilisha mimi,” alisema, akigonga mkono wa kiti. “Makusudi. Wale hawakujua kilichowapata.”

Marehemu aliuliza taratibu, “Na mpiga chapa, mzee, hakusema kitu?”

“Mpiga chapa gani? Walikuwa wengi wale.”

Marehemu alimaliza chai yake, akashukuru, akamtakia afya njema. Waliingia garini, wakafika barabara kuu. Ndipo akasema, “Hasemi uongo, mwanangu. Amevisoma vile vitabu, na sasa anaamini. Tulikuwa wawili tu mle chumbani. Nimebaki peke yangu.”

Binti akamuuliza kwa nini hakumwambia mzee ukweli. “Nimwambie nini? Kwamba wale watu walihama kwa sababu alikuwa na homa? Ana miaka themanini na sita.”

Tasnifu aliiandika kwa nyaraka, kama alivyotakiwa, lakini katika tanbihi ya sitini na moja aliandika mistari minne: kwamba mwandishi alikuwa mpiga chapa wa mkutano, kwamba neno lilibadilika kwa uchovu, kwamba aliuliza mara moja na hakuuliza tena. Msimamizi alimsihi aiondoe. Alikataa. Jumatano tarehe 10 Julai 2013 alisimama mbele ya wahadhiri watatu kuitetea kazi yake. Mmoja alimwambia, “Mama, tanbihi hii itakuangusha. Hakuna njia ya kuipima.”

“Sikuomba ipimwe,” alijibu. “Nimeomba iandikwe.”

Walimtoa nje nusu saa. Aliporudi, walimwambia amefaulu, na tanbihi ibaki, ila aongeze maneno matatu: madai haya hayajathibitishwa. Alifikiri kidogo, akasema, “Ni kweli, hayajathibitishwa,” akayaongeza kwa mkono wake. Tarehe 22 Novemba 2013 alivikwa joho. Kwenye picha yuko mwisho wa mstari, kofia imemwelemea upande, anatabasamu kwa mtu aliye nje ya picha. Mtu huyo alikuwa mlinzi wa geti la chuo, rafiki aliyezungumza naye kila asubuhi kwa miaka minne.

Maradhi ya moyo yalimwanza Februari 2014. Miguu ilivimba, ngazi za ghorofa ya pili zikamshinda, akahamia kwa binti wa kaka yake. Agosti alilazwa katika hospitali ya rufaa, wodi ya wanawake, kitanda cha ukutani. Muuguzi alimuuliza nani aandikwe kama mtu wa karibu, akajibu, “Subiri nifikirie,” na binti huyo alikuwa amesimama pale pale. Tangu siku hiyo binti hakuiweka simu mezani tena.

Wiki ya mwisho ya Septemba marehemu aliomba kalamu na karatasi, lakini vidole vilikuwa vimeisha nguvu. “Basi kaa,” alisema. “Nitasema, wewe andika.” Kwa siku tatu alisema, akitaja koma na nukta, akirudisha nyuma pale alipoona binti ameongeza neno la kumpendezesha. Zilitoka kurasa tatu: chumba, homa, saa ya ndege, ibara ya nne, majina ya vijiji kumi na viwili vya bondeni, aliyoyajua kwa moyo. Binti aliuliza amalizie vipi, labda kwa kusema kuwa mpiga chapa hakuwa na mamlaka.

“Usiandike hivyo. Andika: nilipaswa kuuliza mara ya pili. Weka nukta.”

Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2014, saa nne na dakika kumi asubuhi, wakati wauguzi wanabadilisha zamu. Alhamisi msimamizi wake alikuja nyumbani kutoa pole. Alipewa zile kurasa, akazisoma akiwa amesimama, kisha akaomba kiti, akazisoma tena. Jana alizipeleka kwenye jumba la nyaraka. Kama watazipokea bado hatujui.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, mwanawe wa siku tatu, na kaka yake aliyefariki mwaka 2003. Ameacha mdogo wake wa kike, binti wa kaka yake, wajukuu wawili, watoto wa binti huyo, waliomwita Bibi Koma, jirani wa ghorofa ya pili aliyemwagilia maua yake, na mlinzi wa geti la chuo, ambaye ameomba zamu yake ishikwe ili awe nasi hapa.

Shangazi, pumzika kwa amani. Tumeandika kama ulivyosema, na hatukuongeza kitu.