Ildefons Rwekaza: Safari Iliyoishia Aleksandria

Marehemu kaka yetu Ildefons Rwekaza alizaliwa Kanazi tarehe 23 Januari 1976, mtoto wa pili kati ya watano wa hayati Mzee Clavery Rwekaza na Mama Anatolia. Alibatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kanazi, 1984 hadi 1990. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akaenda Bukoba mjini kujifunza ufundi wa pikipiki. Mwaka 1998 alifungua gereji yake Muleba, kando ya barabara kuu.

Tarehe 20 Novemba 1999 alifunga ndoa na Gaudiosa Kokuberwa wa Rubya, wakajaliwa watoto watatu. Yeye mwenyewe alimpakia bibi harusi kwenye pikipiki. Mvua ikawakuta njiani, shela ikafika nyumbani ina rangi ya udongo. Mama mkwe alinuna mwezi mzima. Gaudiosa alikuwa anacheka tu.

Wazungu waliotoka kwao Ulaya kwa pikipiki, wakielekea Afrika Kusini, walikuwa wakisimama kwenye gereji yake. Aliwatengenezea, wakala ndizi mezani kwake, wakamwachia anwani na kumwambia, "Njoo na wewe." Aliwaamini. Alijiandaa miaka tisa. Tarehe 6 Februari 2017 aliondoka kwa pikipiki yake, akavuka mpaka wa Mutukula, akapita Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan. Siku ya sitini na moja alifika Aleksandria, Misri, ukingoni mwa bahari. Ng'ambo ilikuwa Ulaya.

Aliomba viza kwenye ubalozi mmoja, akanyimwa. Akaomba tena. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hawakuwa na hakika kwamba angerudi kwao. Siku hiyo alimpigia simu mkewe.

"Mama Annastella, bahari nimeiona."

"Sasa?"

"Sasa wamekataa."

"Rudi, waitu, Baba Annastella. Rudi nyumbani."

Alirudi. Injini ilimfia jangwani Sudan, akaiacha pikipiki huko, akamalizia kwa mabasi. Alifika Muleba tarehe 2 Septemba.

Hakusimulia chochote. Wasafiri waliposimama tena gereji, aliwaambia hana spea, na spea zipo rafuni. Mwaka 2021 akaifunga gereji.

Juni 2024 alianza kushindwa kumeza chakula. Ilikuwa saratani ya koo, na ilikuwa imeshaenea. Dawa hazikusaidia. Binti yake Annastella, aliyemuuguza, alimuuliza siku moja, "Taata, Aleksandria kulikuwaje?"

"Maji tu," akajibu, akageukia ukutani.

Alifariki nyumbani tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi. Tungependa kuwaambia kwamba alipata faraja mwishoni. Hatukuiona.

Ameacha mama mzazi, mjane Gaudiosa, watoto Annastella, Aroni na Judica, na ndugu wanne, mdogo wao wa mwisho nikiwa mimi Verdiana ninayesoma wasifu huu. Mungu ampokee, na amani aliyoikosa aipate kwake.