Boti Iliyosimama Kando ya Fuawe

Wasikilizaji wapendwa, mliotoka ibadani na mlio bado na nguo za kulalia, amani iwe nyumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Noeline Tavendale, Noeline wa karakana ya njia panda, hapa hapa Pentlow. Alifariki Jumanne, kitandani mwake. Wauguzi walijaribu kuutoa weusi wa grisi kwenye kucha zake. Haukutoka. Atazikwa nao.

Noeline alikuwa fundi. Noeline alikuwa dada yake Colin. Yashikeni hayo mawili, maana maisha yake yote yamo humo.

Bronwyn, binti wa Colin, alituomba jambo moja kabla ya kipindi hiki. Alisema, "Tafadhali msimpambe shangazi. Hakuwa mpole. Alikuwa na kisasi, akakilea kama mtu anavyolea mwanakondoo asiye na mama, kwa chupa, kila asubuhi, hata mvua inyeshe." Basi hatutampamba.

Colin alikuwa mdogo wake; waliachwa wawili tu wazazi walipofariki. Alikuwa dereva wa boti ya watalii ya Des Hollick, ile nyekundu iliyokuwa ikipanda Mto Waihuka hadi juu ya korongo. Watoto mnaosikiliza, mnazijua boti zetu. Hazina kitu kinachoning'inia chini, ndiyo maana zinapita hata penye maji ya kufunika kiatu tu. Maji huingia tumboni mwa boti, pangaboi lililo ndani ya pampu huyazungusha na kuyatema nyuma. Pangaboi likiwa zima, boti inakutii. Pangaboi likiliwa na mawe ya mto, boti ikienda kasi hutajua. Ni pale unapopunguza mwendo, umepakia watu, ndipo inapokosa nguvu na kupiga povu tu.

Pangaboi la boti nyekundu lilikuwa limeliwa. Colin alimwambia bosi wake, na Noeline alikuwepo, amekuja kumletea mdogo wake pai ya kondoo.

"Bosi, pangaboi limekwisha. Nikipunguza mwendo, boti inanirudisha nyuma."

Des Hollick akacheka. "Basi usipunguze mwendo."

Masika ile upepo wa kaskazini-magharibi ulivuma, theluji ikayeyuka milimani, mto ukajaa ghafla. Wavuvi wawili wa samoni wakakwama juu ya jiwe tunaloliita Fuawe, katikati ya korongo, maji yakipanda. Des akamtuma Colin na boti nyekundu. Kumtoa mtu juu ya jiwe hakufanywi kwa kasi, wasikilizaji wapendwa. Ni lazima usogee polepole, kisha usimame, maji yakikupita. Colin alisogea polepole. Boti haikusimama. Ilirudi nyuma, ikapiga ukuta wa korongo, ikapinduka. Wale wavuvi helikopta iliwachukua baadaye, wote wawili wazima. Colin alipatikana chini ya daraja.

Kwenye uchunguzi wa kifo, Des alivaa tai. Akasema hivi, na studio hii iliyasoma maneno yake katika taarifa ya jioni. Nayarudia kama yalivyo: "Hakuna boti duniani inayoweza kusimama kando ya Fuawe. Kijana alikosea mwenyewe." Hakuna boti inayoweza kusimama. Kijana alikosea. Noeline alieleza aliyoyasikia, wakasema ni uchungu wa dada tu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo mji ulivyoamini.

Jocelyn, mjane wa Colin, akaanza kununua mkate mji wa pili ili asikutane na macho ya watu. Bronwyn akaambiwa shuleni kwamba baba yake hakujua kuendesha. Noeline hakulia mbele ya mtu. Aliliondoa pangaboi lililochakaa kutoka kwenye mabaki ya boti, akalipigilia kwenye nguzo ya geti lake, likitazama barabara. Barabara hiyo ndiyo Des aliyopita kila siku kwenda mtoni. Kila asubuhi Noeline alitoka na kitambaa, akaling'arisha, akamngoja apite.

Kisha akaingia karakanani.

Alitaka boti itakayosimama kando ya Fuawe. Alilala nalo hilo, akaamka nalo. Akatengeneza pangaboi jipya la chuma kisichoshika kutu, ambacho mawe hayakili upesi. Akaongeza idadi ya mabapa. Akayalaza zaidi, yaume maji mengi hata injini inapozunguka taratibu. Akaunoa ukingo wa kila bapa kwa tupa. Akaubana upenyo kati ya pangaboi na pete yake, mpaka karatasi ipite kwa shida. Halafu akaifunga boti yake mwenyewe kwa kamba kwenye mti wa ukingoni, katikati ya kamba akaweka mizani ya kupimia marobota ya sufu, akakanyaga mafuta kidogo tu, kidogo sana, na kutazama mshale. Pangaboi la kwanza lilitetemesha boti hadi skrubu zikalegea. Jingine lilivuta vizuri likapasuka. Alilisubu upya. Lile la mwisho lilivuta mpaka mti ukaanza kuinama.

Gharama yake ilikuwa kasi. Boti ya Noeline ikawa ya mwisho katika kila safari ya chama cha wenye boti. Wanaume waliiita Trekta.

"Noeline, chai itapoa kabla hujafika," walimwambia.

"Nitainywa ya baridi. Ninyi mkifika mnajua kusimama, au mnajua kupita tu?"

Des naye alikuwa akimpungia mkono. "Dada, nikukokote?"

"Siku yako itafika, bwana Des," alimjibu. "Mimi sina haraka. Huoni boti yangu?"

Mchungaji wetu, naye sasa ni marehemu, alikwenda kumwambia amwachie Mungu. Noeline alikuwa amelala chini ya boti, akajibu bila kutoka. "Nimemwachia, mchungaji. Akanipa tupa. Nipitishie hiyo spana."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mnajua desturi ya mto wetu. Boti ya mwisho katika safari ndiyo mfagiaji. Humwokota yeyote aliyekwama njiani, na hana ruhusa ya kumkataa, wala aliyekwama hana ruhusa ya kukataa kuokotwa. Boti ya mwisho ilikuwa ya Noeline. Mwaka baada ya mwaka, ya mwisho ilikuwa ya Noeline. Watu walidhani ni unyonge. Kumbe mtu mvumilivu alikuwa amekaa mahali ambapo kila aliyekwama ni wake.

Vuli moja Des alikuja na boti mpya, ya kasi kuliko zote. Juu ya korongo mto hugawanyika mikono mingi kwenye changarawe, na dereva huchagua mkono mmoja bila kusita, maana boti ikipunguza mwendo kwenye maji haba hukaa chini. Des alisita. Aliinua mguu kwenye mafuta ili achague vizuri, boti ikakaa, pampu ikameza mawe. Wengine wote walikuwa wamekwisha kushuka kwenda darajani.

Noeline akatokea, polepole, kwa mkono wenye kina. Bronwyn, msichana mkubwa sasa, alikuwa kiti cha nyuma.

"Mungu akubariki, dada," Des alisema, amelowa hadi kiunoni. "Trekta limefika."

"Kaa mbele, bwana Des. Mbele unaona vizuri."

Wakashuka hadi korongoni. Maji yalikuwa juu siku hiyo. Noeline akaigeuza boti, pua ikatazama mto unakotoka, akaisogeza kidogo kidogo hadi kando ya Fuawe. Kisha akaisimamisha. Ilisimama, wasikilizaji wapendwa. Maji yalipita huku na huku yakinguruma, na boti imetulia mahali pamoja. Bronwyn anasema angeweza kunyoosha mkono achume ukoga kwenye jiwe. Anasema injini ililia kama cherehani ya bibi yake.

"Tunafanya nini hapa?" Des aliuliza.

"Tumesimama."

"Twende, Noeline."

"Uliwaambia hakuna boti duniani. Hii ni nini? Bata?"

Des akanyoosha mkono kushika usukani.

"Gusa," Noeline alisema, "tuende ukutani kama Colin. Na ukitaka kushuka, jiwe hilo hapo. Shuka, ukangojee boti nyingine."

Des akalitazama jiwe. Hakushuka. Noeline akachukua kipaza sauti cha redio ya boti, akabonyeza kitufe, akakishikilia mbele ya mdomo wake. Boti zote zilizokuwa darajani zilisikia, watu wana vikombe mkononi.

"Anza na jina lako."

"Mimi Des Hollick."

"Endelea."

"Colin hakukosea. Pangaboi lilikuwa limekwisha. Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Boti ilisimama. Maji yalipita. Noeline hakusogeza mguu.

"Nilimwambia asipunguze mwendo."

Noeline akaachia kitufe. "Haya. Sasa twende tukanywe chai."

Darajani hakuna aliyemtukana Des. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemmiminia chai pia, na ninyi mnajua, mtoni kwetu asiyemiminiwa chai ametengwa. Alisimama na mikono mitupu hadi gari la mtu likampeleka nyumbani. Watalii wakahamia kwingine, biashara ikafa. Jocelyn akarudi kununua mkate dukani Pentlow, akasimama katikati ya foleni.

Lakini pangaboi halikutoka getini. Baadaye Des alilifuata. Bronwyn alikuwa ndani akasikia yote.

"Nimesema, Noeline. Mji wote ulisikia. Litoe."

"Ulisema kwa sababu uliogopa maji. Na karatasi za uchunguzi bado zinasema Colin alikosea. Siku utakapolisema hilo ukiwa nchi kavu, hakuna anayekutishia kwa mto, nitalitoa mwenyewe."

Des hakulisema. Uzee ukawafika wote wawili, na bado hakulisema. Noeline alipolemewa, akaagiza kitambaa kipewe Bronwyn. Jana asubuhi, mwili wa shangazi ukiwa bado mochwari, Bronwyn alitoka akaling'arisha.

Kwa Bronwyn, kwa Jocelyn, na kwa wote waliowahi kuvutwa kutoka kwenye changarawe na Trekta lile, Mungu awafariji. Ibada ya mazishi ni Alhamisi. Nyumbani leo, kabla ya chakula, kila mtu ajiulize: ni nani aliyebeba kosa langu kwa sababu mimi nilinyamaza? Na je, bado yu hai nimtafute?

Nami nimalizie na mtu mmoja. Des Hollick, tunajua redio yako huwa wazi Jumapili. Hatukufokei. Noeline hayupo tena kukushikia kipaza sauti. Lakini kimoja kipo hapa mezani, na kiti mbele yake ni kitupu. Mlango wa studio haujafungwa. Nasi, Des, tuko nchi kavu.