Herufi Nne Mlangoni

Benchi letu liko ubavuni mwa kinyozi, na siku ile kahawa ninayouza ilinyweka kwa hasira. Koti Mbili, fundi wa kupaka rangi, alikuwa na bendeji mkono wa kulia kuanzia vidole hadi kiwiko. Wiki moja nyuma, akipaka rangi ghala la watu, alifungua mlango mdogo ukutani apake na kingo zake. Umeme ukamrusha chini. Sasa kampuni yenye ghala imemwandikia barua: uzembe ni wake, onyo lilikuwepo mlangoni.

— Onyo gani? akafoka Koti Mbili. L, I, V, E. Shuleni tulisoma "liv", kuishi. Nikajua ni kijichumba anamoishi mlinzi.

— Hapo inasomwa "laivu", akasema Tarishi, aliyebeba barua za ofisi miaka thelathini. Kama mpira wa laivu kwenye televisheni. Yaani umeme unapita.

— Mpira na umeme wapi na wapi?

— Ndicho Kiingereza hicho. Neno moja, midomo miwili. Wamelitengeneza makusudi, ukiungua wakwambie hukusoma vizuri.

— Mchawi ni ile E, akadakia Mabango, anayeishi kwa kuandika vibao. Imekaa mwisho, haitamkwi, kazi yake kuvuruga wenzake. Lakini na wewe, Koti Mbili, maandishi mekundu yale ungeogopa tu.

— Nyekundu naipaka kila siku. Niogope rangi?

Nikamwongezea kahawa. Alishindwa kukishika kikombe vizuri, ikamwagika, akatukana.

Dada yake, fundi cherehani, akatokea kumchukua wakabadilishe bendeji. Alisimama akatusikiliza kidogo, kisha akamgeukia Mabango.

— Kaka, umejuaje kuwa yalikuwa mekundu?

Mabango akakohoa.

— Niliandika mimi. Walinipa karatasi, nikanakili.

— Ulijua maana yake?

 

— Nilidhani ni jina la kampuni, akasema Mabango.

Dada hakupandisha sauti.

— Basi inuka. Twende ofisini kwao ukawaambie hivyo hivyo.

Mabango akasema ana kibao cha watu, hajakimaliza. Koti Mbili akamkamata kola kwa mkono wa kushoto, akamwinua kutoka kwenye benchi.

— Haya, akasema Mabango. Naja. Niachie, naja.