Wadia, Aliyekwenda Kula kwa Wenye Njaa

Ndugu, majirani na nyote mliomsindikiza hadi hapa, familia imeniomba niwasomee maisha ya mpendwa wetu.

Wadia binti Jurji Ghantus alizaliwa mjini Zahle tarehe 3 Machi 1938, kitindamimba wa mwenye kinu cha unga kando ya mto, akasoma kwa masista hadi mwaka 1956, akafundisha hesabu hapohapo, na tarehe 21 Juni 1959 akaolewa na Mikhail Shahin, mwenye mashamba ya mizabibu, wakajaliwa Nabih na Samia.

Nyumba yao haikujua njaa, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Januari 1977, Mama Hayfa, mjane aliyekimbia vita na binti yake mdogo, wakahifadhiwa katika banda la shamba lao, alikuja kurudisha ungo, chakula kikiwa mezani. Wadia akamkaribisha mara tatu kama adabu yetu itakavyo, naye, kwa adabu hiyohiyo, akakataa mara tatu: "Tumeshiba, dada, mikono yako isalimike." Asubuhi yake alizimia kisimani kwa njaa.

Mama mkwe alimtuliza Wadia, "Ulimkaribisha, akakataa, kosa lako nini?"

"Nilimkaribisha huku nimeushika mlango, tayari kuufunga."

Tangu hapo hakumwalika tena mhitaji kwa mdomo. Alibeba sufuria ya dengu na ngano, akabisha hodi bandani, akasema, "Nimekuja kula kwenu," na kwa kuwa kwetu hakuna amfukuzaye mgeni, wakala pamoja, akaiacha sufuria. Akaendelea hivyo banda hadi banda la wakimbizi, vita vyote, na baada ya vita. Mashemeji walimcheka, "Binti wa mwenye kinu kageuka mdoezi!" naye akawajibu, "Na ninashiba kuliko nyinyi." Wanawe aliwafundisha kwamba mwenye nacho ndiye atoke, asimwachie mwenye njaa kazi ya kuomba.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2018, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 7 Machi 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na Hayfa, binti wa yule mjane, ambaye leo ni mkunga. Jana alikuja msibani, tukamwambia tumeshakula, naye akatupita mlangoni na sufuria mkononi: "Nimekuja kula kwenu." Tulikuwa hatujala.

Pumzika kwa amani, Wadia, na huko uendako ukikaribishwa, adabu iweke kando, ingia mara ya kwanza.