Kiti cha Mwenye Tumbo

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Maman Valérie M'Cirhulwire, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha parokia yetu hapa Nyalukemba, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 2024, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo. Siku hiyo aliichagua mwenyewe. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba Petro alisema mengi kabla ya kufikiri, na Paulo alifikiri mengi bila kunyamaza. Na kwamba muuguzi anayejibu maswali ya watu kila siku anahitaji maombezi ya wote wawili.

Alifika mwaka 1990, msichana mwembamba aliyetoka shule ya uuguzi, wakati kituo chetu kilipokuwa vyumba vichache chini ya bati lililovuja juu ya meza ya sindano. Alihudumu katika chumba cha vidonda, kisha katika chanjo, kisha uzazi, hadi akakabidhiwa usimamizi wa wauguzi wote. Katika miaka ambayo mji huu ulitikiswa na vita, watu wakakimbia, naye alikimbia. Lakini kila aliporudi, kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika ufagio. Wauguzi aliowalea leo wanafanya kazi Ibanda, Kabare na hata Uvira. Sifa hizo zote ni za kweli, na zingetosha. Hata hivyo, Mungu amependa kwamba jina lake likumbukwe kwa ajili ya kiti.

Chumba chetu cha mashauri kina kiti kimoja chenye mgongo, kinachotazamana na muuguzi, na benchi ukutani. Kwetu mgonjwa haji peke yake. Huja na mume, na shangazi, na kaka mkubwa, hao tunaowaita garde-malade. Kwa desturi ya heshima, mkubwa wao alikalia kiti na kusema, na mgonjwa akawekwa kwenye benchi kama mzigo ulioletwa kupimwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ajabu.

Ikafika siku ya mume mmoja, ambaye jina lake tunalisitiri kwa kuwa bado anaimba sauti ya nne katika kwaya. Alimleta mkewe mjamzito, akakalia kiti, akaeleza kwa uchungu wa kweli: “Tunatapikaka asubui, maman, na mugongo inatuuma.” Kutoka kwenye benchi sauti ya mke ikajibu: “Kama njo ye anatapikaka, basi dawa anywe ye!” Maman Valérie alicheka hadi akavua miwani. Alipoivaa tena alisimama, akauliza swali ambalo tangu hapo limekuwa sheria ya nyumba hii, yaani tumbo ni la nani hasa: “Mwenye tumbo njo nani?” Mke akainua kidole. Akapewa kiti, na mume akaenda benchi.

Tangu siku hiyo kila aliyeingia alisikia swali hilo, hata aliyeumwa jino. Wakubwa wengine walinung'unika. Mmoja alisema kwamba hajawahi kuketishwa nyuma ya mtoto wake hata siku ya harusi. Lakini katika hilo Maman Valérie alifuata njia ya Bwana wetu, ambaye hakuwauliza waliokuwa wakimnyamazisha kipofu, bali alimwuliza kipofu mwenyewe anataka nini.

Kila Alhamisi aliketi barazani akajibu maswali ya wote. Je, mwenye tension, yaani shinikizo la damu, ale dagaa wa sambaza wenye chumvi? Je, kasiksi kidogo, pombe yetu ya ndizi, inaharibu dawa? Je, vidonge vilivyobaki apewe jirani? Akina mama walipomwuliza kama kumeza dawa kunavunja mfungo wa Kwaresima, aliwatuma kwa padri. Padri akawarudisha kwake. Naye akawaambia kwamba kwa mara ya kwanza kanisa na dawa vimekubaliana, basi wameze. Siri za wagonjwa alizilinda hata sokoni. Mama mmoja alimshika mkono mbele ya fungu la nyanya, akataka kujua jirani yake anaugua nini. “Iko na ugonjwa ya kuulizwa-ulizwa,” akamjibu, akaendelea kuchagua nyanya.

Maswali yasiyokuwa na jibu la haraka aliyaleta kwenye mabishano yetu ya Ijumaa, baada ya sala ya asubuhi, chai ikiwa mezani. Hakuna Ijumaa tunayoikumbuka kama ile ya Mzee Marcellin.

Mzee Marcellin ni mkulima wa Nyantende. Vipimo vilikuwa vimeonyesha uvimbe mbaya katika utumbo, ambao daktari mpasuaji alisema unaweza kuondolewa ikiwa hawatachelewa. Wanawe, wakiongozwa na mkubwa wao Josué, mwalimu mwenye moyo laini, walituomba tusimwambie baba yao, habari isije ikamwua kabla ya ugonjwa. Wao wenyewe walimwambia ni kidonda kidogo. Na mzee, ambaye ana akili timamu, alikataa kupasuliwa. “Kama ni kidonda kadogo,” alisema, “munipatie dawa kadogo. Kisu ya nini?” Siku ya upasuaji ikapita. Ikapangwa nyingine, nayo akaikataa.

Daktari wetu Didier aliwatetea wana, na maneno yake yalikuwa na uzito. Alikumbusha kwamba katika vilima vyetu ugonjwa wa mzee ni habari ya nyumba nzima, na kwamba aliwahi kumwona mtu aliyeambiwa ukweli kwa pupa akageukia ukuta, asigeuke tena. Maman Gisèle wa duka la dawa alisema kwamba anauheshimu upendo wa wana hao, lakini blanketi walilomfunika baba yao limeanza kuwa sanda. Tulibishana hadi chai ikapoa. Ndipo Maman Valérie alipoeleza kwamba yeye haombi ruhusa ya kumwambia mzee. Anaomba ruhusa ya kumwuliza. Daktari alikubali kwa sharti moja, ambalo Maman Valérie analisifu hadi leo: mwana awepo, na ukweli utolewe kwa kijiko, si kwa ndoo.

Josué alikuja, akakubali kwa shida, akaketi kwenye benchi. Mzee alipoingia alikwenda moja kwa moja kuketi karibu na mwanawe. Maman Valérie akauliza swali lake. Mzee alitazama kiti, akajitazama, akasema: “Tumbo ni yangu,” akaketi mbele. Akaulizwa: habari za tumbo hilo, anapenda zije kwake, au ziende kwa watoto wake?

“Uniambie miye, maman,” alijibu bila kusita. “Kisha nitatafuta namna ya kuambia Josué, juu ule mutoto iko na roho ya uoga tangu kitambo.”

Kwenye benchi Josué akaanza kulia. Mzee akamgeukia: “Unaona? Hata maman bado hajasema kitu!”

Ilidhihirika kwamba kwa majuma mengi baba alikuwa ameshuku ugonjwa wake na kuunyamazia ili asiwaogopeshe wanawe, kama wao walivyomnyamazia yeye. Kijiko kwa kijiko akaambiwa yote. Aliuliza jambo moja tu, kama atakuwa amepona kabla ya kupanda maharage, kisha yeye mwenyewe akaomba siku ya upasuaji iletwe karibu. Ni miaka sita sasa. Mzee Marcellin atakuwepo kwenye Misa ya Jumamosi, pamoja na Josué, na ameahidi kuleta kasiksi ambayo Maman Valérie, kwa ajili ya heshima ya kazi yake, atajifanya hakuiona.

Mwaka jana zamu ilikuwa ya Maman Valérie mwenyewe. Alishikwa na maumivu makali, watoto wake wakamleta hapa hapa kwetu. Mwanawe Lucien akakalia kiti, akaeleza yote tangu chakula cha jana, akamalizia: “Maman hapendi kusumbuliwa. Utuambie siye.” Na Maman Valérie, aliyewaketisha mbele wagonjwa wote wa Nyalukemba, alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani. Hofu haijui cheo. Muuguzi kijana Aurore, mwanafunzi wake, aliweka kalamu chini. Akauliza: “Mwenye tumbo njo nani?”

Tulioketi nje tulisikia kicheko tunachokijua. Maman Valérie aliinuka, akamwondoa Lucien, akaketi. “Kumbe hii kiti iko baridi hivi!” alisema. Kisha akasema kwamba anataka kuambiwa yote. Yalikuwa mawe ya nyongo. Yaliondolewa, na leo anapanda mteremko wa parokia akituacha nyuma. Lakini juma alilorudi kazini alileta mto alioushona mwenyewe kwa kitenge, akauweka juu ya kiti kile. Uko pale hadi leo.

Wafanyakazi walitaka kumzawadia kiti hicho siku ya kuagana. Alikataa kwa upole, akisema si chake wala si chetu. Swali lake amemkabidhi Aurore, ambaye ameonyesha kwamba anaweza kumwuliza hata aliyemfundisha.

Maman Valérie, asante kwa miaka uliyotupa, kwa majibu yako, na zaidi kwa maswali yako. Mungu akujalie siku ndefu zenye afya, wajukuu wasiokuacha upumzike, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Na ukirudi kwetu siku yoyote ukiwa na maumivu, njoo na watoto wako wote. Benchi ni refu, litawatosha. Wewe pita mbele. Kiti hakina baridi tena.